Vilima Vilivyokufa Njiani

Mtu wa kwanza kushukiwa alikuwa Mkandarasi, na yeye mwenyewe alijua. Ndiyo maana Inspekta alipomkuta asubuhi ile chini ya kilima, amechuchumaa mbele ya bomba la kukaushia maji, hakusimama wala hakutoa mkono.

"Umechelewa," Mkandarasi alisema. "Nilidhani utakuja jana."

"Jana nilikuwa maabara, nakagua udongo wako."

Inspekta huyu kituoni walimwita Kobe, na hawakumwita kwa kificho. Alikuwa na mwendo wa mtu anayepeleka mayai sokoni. Mabosi wake walichukia mwendo ule, hasa siku kama hii ambayo kila mtu alitaka jibu kabla ya saa kumi.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Mvua za msimu uliopita zilikipasua kilima mgongoni, ufa wa kutosha mtu mzima kutumbukiza mguu hadi paja. Familia zote za mtaa wa chini zikahamishiwa kwenye ukumbi wa michezo, zikalala sakafuni kama mizigo. Mkandarasi akatoboa kilima na kuingiza mabomba ya kukikausha. Kisha wataalamu wa kompyuta wakapiga hesabu yao, wakatoa jibu: hatari ya kilima kuporomoka ni nne kwa elfu. Kanuni ya kamati ya maafa ilisema hatari isipozidi kumi kwa elfu, watu warudi makwao. Basi leo saa kumi malori yangeanza kuwarudisha.

Ila juzi simu ya kituoni ililia. Sauti ya mwanamume, amejiziba mdomo, ikasema, "Ile hesabu ya kilima si ya kweli. Msiwarudishe watu." Ikakatika.

Hesabu huanzia kwenye udongo, na udongo uliopelekwa maabara ulichimbuliwa na Mkandarasi. Watu wakirudi, kazi yake inahesabiwa imefaulu. Wasiporudi, yeye ndiye aliyeshindwa na kilima. Hata mtoto angeanza naye.

"Mifuko yako haijaguswa," Kobe alisema. "Lakiri zote nzima. Nimewaambia wapime upya mitatu niliyoichagua mimi, majibu ni yaleyale. Udongo wako ni safi."

Mtu aliyeambiwa hivyo hushusha pumzi. Mkandarasi hakushusha. Aliendelea kutazama ndoo aliyoitega chini ya bomba. Maji yaliyokuwa yakidondoka humo yalikuwa mazito, rangi ya kahawia.

"Mbona machafu?"

"Mvua ya juzi."

"Juzi haikunyesha."

"Basi ya kabla yake." Mkandarasi aliinuka, akaipiga teke ndoo ikamwagika. "Umemaliza na mimi?"

"Kwa udongo, nimemaliza."

Kobe aliitazama ile ndoo iliyolala ubavu, akaiweka akilini. Akaanza kushuka kuelekea gari lake, na hapo simu yake ikaita. Alikuwa mdogo wake, na nyuma ya sauti yake kulikuwa na kelele za ukumbi mzima unaofungasha.

"Kaka! Magodoro nimeshayakunja. Watoto wanaimba tangu alfajiri, wameniumiza kichwa. Niambie sasa, turudi au tusirudi?"

"Hesabu inasema nne kwa elfu."

"Sikuiuliza hesabu. Nakuuliza wewe, mtoto wa mama."

Kobe aliangalia juu. Kilima kilikuwa kimetulia tuli, majani yanang'aa, mtu asingekidhania kitu. Chini yake paa za mtaa zilijipanga mstari mmoja, na paa la mdogo wake lilikuwa la tatu kutoka mwisho.

"Mpaka sasa sijaona kosa," alisema. "Lakini subiri saa kumi."

"Haya, mpelelezi," akacheka, akakata.

Laiti angejua jinsi neno lile litakavyopokelewa, angejiuma ulimi.

*

Chumba cha kompyuta kilikuwa ghorofa ya juu ya jengo la ofisi, na baridi yake ilikuwa ya kuadhibu. Mashine yenyewe ilinguruma nyuma ya kioo, inapozwa kama mgonjwa wa homa, na binadamu waliokuwa wakiihudumia walivaa masweta. Walikuwa wawili tu. Daktari, mwanamke wa makamo aliyesomea hesabu mpaka hesabu zikakoma, alijifunika koti kubwa la mume wake na kuitundika miwani kwenye nywele. Msaidizi wake, kazini, aliitwa Fagio, maana hakuweza kuvumilia vumbi. Hata Inspekta alipokuwa akijitambulisha, yule bwana alikuwa anapangusa vitufe kwa kitambaa.

"Nieleze kama unavyomweleza shemeji yako asiyependa hesabu," Kobe alisema, akivuta kiti.

Daktari alitabasamu kidogo. "Kilima ni kimoja, sawa? Lakini ndani yake hatukijui. Tumetoboa mashimo tisa. Kati ya shimo na shimo kuna nini? Mungu ndiye anajua. Pengine mwamba, pengine utelezi. Kwa hiyo hatuundi kilima kimoja ndani ya kompyuta. Tunaunda elfu. Kila kimoja kina udongo wake: hapa mgumu, pale laini, maji mengi, maji machache, ila vyote vinakubaliana na yale mashimo tisa. Kisha tunavinyeshea vyote mvua ya msimu mbaya."

"Halafu mnahesabu vilivyoanguka."

"Vinne."

"Na hiyo nne yenyewe unaiamini kiasi gani?"

Miwani ilishuka kutoka kwenye nywele. Alilipenda swali. "Wengi hawaulizi hilo. Nikirudia kazi yote kwa elfu nyingine, naweza kupata moja, naweza kupata kumi. Kuvuka kumi ni nadra."

"Kwa hiyo hata ikikosea, haivuki kanuni."

"Nadra sana," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelala vizuri.

Kobe aliomba aonyeshwe vilima vyote, kimoja kimoja. Fagio akamfungulia kwenye skrini safu ndefu ya namba. Daktari akamwambia hatapata kitu humo, ni namba za utambulisho tu. Kobe alisogeza kiti karibu na skrini. Alikuwa amewahi kusimamia stoo ya vielelezo, na stoo ya vielelezo humfundisha mtu tabia moja mbaya isiyomtoka: kuangalia namba kabla ya kuangalia kitu. Kisu chenye damu kinaweza kukudanganya. Namba iliyoruka haidanganyi, kuna mtu ameingia.

Akapitisha kidole polepole. Mia mbili na kumi na moja. Mia mbili na kumi na mbili. Mia mbili na kumi na nne.

"Mia mbili na kumi na tatu iko wapi?"

Kitambaa cha Fagio kilisimama.

"Na mia mbili na ishirini?" Kobe aliendelea kushuka. "Na thelathini na moja? Hebu nipeleke mwisho."

Mwisho wa safu paliandikwa elfu moja mia moja na arobaini.

"Mmesema mmefanya elfu," Kobe alisema. "Mie naona namba zimefika mbali zaidi, na katikati zimejaa mapengo kama mdomo wa kibogoyo. Hivi vingine amevila nani?"

Mashine ilinguruma. Kobe akageuza kiti chake, akaketi ana kwa ana na Fagio, magoti yakikaribia kugusana.

"Umefuta?"

"Nimefuta, afande."

"Kwa amri ya nani?"

"Ya... utaratibu."

"Utaratibu anakaa wapi, nimfuate?"

"Afande, usinifanyie hivyo." Jasho lilikuwa limemtoka kwenye baridi ile ile ya kuadhibu. "Sikupewa kitu na mtu. Naapa kwa mama yangu aliye kaburini. Nilifuta kwa sababu vilikufa."

"Vilikufa?"

"Vilikufa njiani. Hii mashine si yetu peke yetu, tunaitumia pamoja na watu wa hali ya hewa. Kila kilima kina zamu yake. Kikizidisha zamu bila kutoa jibu, mashine inakikata. Mimi nikifika asubuhi nafagia vilivyokatwa, naingiza vipya badala yake. Ndivyo tunavyofanya siku zote, hata kabla sijaajiriwa. Mpaka elfu itimie."

"Kwa nini lazima itimie?"

"Mwenyekiti wa kamati alikuja hapa mwenyewe," Daktari aliingilia. "Akasema hawezi kusimama mbele ya watu na mia nane na kitu. Anataka elfu kamili. Na Inspekta, hakuna uhalifu hapo. Kila programu hukwama. Ni kama karatasi kukwama kwenye mashine ya fotokopi: unaitoa, unaitupa, unaweka nyingine. Namkatalia mtu yeyote anayesema msaidizi wangu ni mwizi."

Kobe aliwatazama wote wawili kwa zamu. Alikuwa amewahoji waongo wa kila rangi, na hawa, loh, hawakuwa hata na kipaji cha uongo. Hapakuwa na mkono wa mtu. Udongo safi, watu safi, ofisi safi kupita kiasi. Saa ya ukutani ilikuwa imeshaivuka saa saba. Mwenyekiti alikuwa amempigia simu mara tatu, na mara zote tatu swali lilikuwa moja: umeshafunga hilo jalada?

Aliinuka, akafika mlangoni, akashika kitasa. Kisha akabaki ameshika kitasa.

"Daktari. Sisi polisi mtu akifa ghafla hatumziki mpaka tujue kimemuua nini. Anaweza kuwa amekufa kwa malaria, anaweza kuwa amenyongwa. Hivi vilima mia moja na arobaini vilikufa kwa ugonjwa gani?"

"Nimekwambia. Kompyuta ilishindwa kupata jibu kwa wakati."

"Hushindwa wakati gani?"

"Ah, mara nyingi ni pale hesabu inapokuwa ngumu. Kompyuta inausogeza udongo kidogo kidogo, kila hatua inatafuta mahali utakapotulia. Ukitulia haraka, jibu linakuja haraka. Ukiwa unasogea sana, hautulii, inabidi itafute tena, na tena, na..."

Fagio alimwangalia yeye, kisha Kobe, kisha yeye tena. Rangi ilikuwa imemwishia usoni Daktari. Alikaa chini taratibu, kama mtu anayetafuta kiti gizani.

"Mama yangu," alisema kwa sauti ndogo. "Hautulii kwa sababu unaporomoka."

"Sema hivyo tena, dada, nielewe."

"Kilima kinachosimama humaliza hesabu mapema. Kinachoanguka ndicho kinachochelewa, ndicho kinachokatwa. Nimefuta walioanguka, Inspekta, nikawahesabu waliobaki wima." Aliweka kiganja mdomoni. "Ni kama kwenda kuwauliza waliopona kama barabara ni salama."

Kobe aliogopa kama alivyoogopa utotoni akisikia mtu anatembea juu ya bati.

"Huna uhakika bado," alisema. "Unadhani."

"Nadhani." Alisimama ghafla. "Fagio! Mpande tena huyo wa mia mbili na kumi na tatu."

"Nimemfuta, Daktari! Nimewafuta wote!"

"Namba yake unayo. Namba ndiyo mbegu. Ukiipanda tena inaota kilima kilekile, udongo uleule, maji yaleyale. Chagua kumi na viwili kutoka kwenye mapengo, hapa na pale, usivichague kwa kuvipenda. Ondoa kikomo cha zamu. Na wapigie wale wa hali ya hewa, waambie watupishe. Wakikataa nipe simu mimi."

Walikataa, akapewa simu, wakapisha.

Kisha kukawa na kungoja, na kungoja ndiko kunakoua. Fagio alipangusa meza iliyokwisha kupanguswa. Daktari alizunguka chumba akijiburura na koti lile. Kobe alipiga simu ya mdogo wake, haikupokelewa. Akapiga tena. Akajiambia ukumbi una kelele, hasikii. Nje ya dirisha mawingu yalikuwa yanajikusanya juu ya mji, meusi chini, meupe juu, nayo hayakuwa na haraka yoyote.

"Kimoja kimefika," Fagio alisema.

Kwenye skrini kulikuwa na kilima, kimekatwa ubavu kama mkate, chote rangi ya bluu. Chini yake mhandisi fulani alikuwa amechora vijisanduku vyeupe, ndizo nyumba. Bluu ikaanza kuwa njano mgongoni. Njano ikaingia ndani, ikapinda, ikawa nyekundu. Kisha mgongo mzima ukaondoka. Haukuondoka kwa kishindo, kompyuta haina kishindo. Ulishuka kimya, ukavifunika vijisanduku kimoja baada ya kingine, na Kobe macho yake yalikuwa kwenye cha tatu kutoka mwisho.

Kilima cha pili kilianguka. Cha tatu kikaanguka. Cha nne kiliganda katikati ya hesabu, skrini haikusogea, na Daktari akapiga meza.

"Msikihesabu hicho! Hiki kimekufa kwa ugonjwa wa kompyuta kweli. Tusivuke mpaka upande wa pili nako tukadanganya."

Mwishowe, katika vile kumi na viwili, viwili vilikuwa vimekufa kwa hitilafu ya programu. Kumi vilikuwa vimeporomoka.

Daktari alipiga hesabu kwa mkono, kwenye kipande cha karatasi ya kufungia maandazi. "Kama vilima mia moja na ishirini katika elfu moja mia moja na arobaini: takriban moja kwa kumi," alisema. "Ningepewa siku nzima ningewarudia wote mia moja na arobaini. Kwa sasa naweza kusema kati ya moja kwa kumi na tatu na moja kwa nane. Hata nikichukua ile ndogo, imeivuka kanuni mbali sana."

"Chukua koti lako," Kobe alisema. "Ah, umeshalivaa. Twende."

*

Malori yalikuwa yamejipanga mbele ya ukumbi wa michezo, injini zinanguruma, masufuria na magodoro yamefungwa juu kwa kamba. Mwenyekiti alikuwa amesimama kwenye ngazi na kipaza sauti, tai imenyooka. Alipowaona wanakuja karibu mbio, na Kobe hajawahi kuonekana akikimbia tangu aajiriwe, alikishusha kipaza sauti.

"Nani amechezea hesabu?"

"Hakuna," Kobe alisema.

"Basi hakuna kesi."

"Kesi hakuna. Kosa lipo."

Daktari alilieleza, na alilieleza vizuri, bila kujificha nyuma ya maneno makubwa. Alisema "nimekosea" mara mbili. Mwenyekiti alimsikiliza akiangalia mawingu.

"Kwa hiyo kilima kitaanguka?"

"Sijui."

"Hujui! Umesoma miaka yote hiyo uje uniambie hujui?"

"Nimesoma ili nijue sijui kwa kiasi gani. Mwanzo nilikwambia kiasi kidogo. Sasa nakwambia kikubwa."

"Lakini tisa kwa kumi, kinasimama."

"Ndiyo."

"Yaani watu hawa niwalaze sakafuni msimu mwingine, watoto wakohoe, wanitukane, na tisa kwa kumi iwe bure?" Alifuta paji la uso. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeahidi. "Inspekta, ajali haina kinga."

"Hii inayo, Mwenyekiti. Waambie madereva wazime injini."

"Na kanuni umeiandika wewe na kamati yako," Daktari aliongeza. "Kumi kwa elfu. Hii ni kama mia kwa elfu. Ukiivunja leo, useme tu umeivunja."

Mwenyekiti alisita, na katika kusita kule mtu mmoja alijipenyeza kati ya umati akiwa na ndoo mkononi. Alikuwa Mkandarasi. Aliitua ndoo kwenye ngazi, karibu na viatu vya Mwenyekiti, na ndani yake kulikuwa na tope jekundu zito kama uji.

"Imejaa tangu mchana," alisema. "Bomba likiwa zima hutoa maji safi. Likitoa tope, kilima kinaliwa ndani. Ni mimi niliyepiga simu kituoni."

"Kwa nini hukujitaja?" Kobe aliuliza, ingawa jibu alilijua tangu ndoo ilipopigwa teke.

"Kwa sababu mabomba ni yangu," Mkandarasi alisema, na aibu yake ilionekana na kila aliyekuwepo.

Mwenyekiti aliitazama ndoo, akamtazama Daktari, kisha akainua mkono. Injini zikazimwa moja moja. Ukumbi mzima ukalipuka kwa zomeazomea.

Kobe hakungoja kusikiliza. Aliingia ndani akipita juu ya mabunda na watoto, mpaka kona ambayo familia yake ililala. Mama yake alikuwa ameketi peke yake juu ya bunda la nguo, fimbo mapajani.

"Mama, yuko wapi?"

"Nani, mdogo wako? Ametangulia na watoto tangu saa nane, kapata lifti ya gari la mboga. Anataka kupiga deki kabla vitu havijafika." Mama aliona uso wake. "Si ulimwambia wewe? Alisema kaka amesema hajaona kosa."

*

Mvua ilianza akiwa bado barabarani. Matone makubwa, ya kwanza kwanza, yale yanayopiga kioo kama punje za mahindi. Aliliacha gari mlango wazi mwanzo wa mtaa, akakimbia. Mtaa ulikuwa mtupu, madirisha yamefungwa, isipokuwa nyumba moja iliyokuwa na mlango wazi na sauti za watoto ndani.

"Mjomba!" walipiga kelele wapwa zake, miguu mitupu, wanateleza kwenye maji ya sabuni. Mdogo wake alikuwa amejifunga kanga kifuani, ameinama na tambara, uso unang'aa kwa furaha. Yalikuwa maji yake, sakafu yake, uchafu wake.

"Karibu, uvue viatu."

"Tunaondoka. Sasa hivi."

"Acha utani."

"Nimeliona kosa."

Alijinyoosha polepole, mkono kiunoni. "Kubwa?"

"Ile nne kwa elfu si nne kwa elfu. Ni moja kwa kumi."

"Sasa hiyo ndiyo kubwa au ndogo? Mie hizi kwa-kwa zenu zinanichanganya."

Alijaribu kumweleza. Alimweleza vile vilima elfu, mvua ya bandia, zamu za mashine, vilivyokatwa na kufagiwa. Alikuwa anaeleza vibaya, anaeleza mbio mbio, sikio moja liko nje kwenye mvua. Mdogo wake alimsikiliza mpaka mwisho, maana walilelewa hivyo.

"Kaka," alisema, "wewe unalala kitandani. Mimi nimelala sakafuni, mtu wa kulia kwangu anakoroma, wa kushoto analia. Choo kimoja, foleni kama ya uchaguzi. Huyu mdogo hajaacha kukohoa. Wao wana vilima elfu. Mimi nina kimoja tu. Niambie hiki changu kitaanguka au hakianguki?"

"Sijui."

"Basi niache nipige deki."

Aliinama tena. Kobe aliona tambara likipita sakafuni, linakwenda, linarudi. Angeweza kumvuta mkono kwa nguvu. Alikuwa na haki ya kipolisi na nguvu ya kaka. Hakufanya hivyo. Sauti ilimtoka ambayo hakuipanga.

"Nimekiona kikianguka leo. Mara kumi. Kile kilima kilishuka, kikafunika nyumba zote, na mara zote kumi nilikuwa naitazama ya tatu kutoka mwisho."

Tambara likasimama.

"Na sisi tulikuwamo?" mdogo wake aliuliza, bado ameinama.

"Kompyuta haichori watu. Nyie niliwachora mimi."

Mdogo wake alilitupa lile tambara ndani ya ndoo, akambeba mtoto mdogo, Kobe akambeba mkubwa, wakatoka bila viatu na bila kufunga mlango.

Ukumbini waliwapokea kwa macho ya hasira. Mvua ilikuwa imeongezeka, inapiga bati mpaka watu wanazungumza kwa kupayuka, na jirani mmoja aliyekuwa anayafungua tena magodoro yake alipayuka kuliko wote. "Inspekta! Kimeanguka hicho kilima chako?" Wengine wakacheka kwa uchungu.

"Bado," Kobe alisema.

"Sisi tungekuwa tumekunywa chai majumbani!"

Akampita. Aliketi sakafuni kati ya mama yake na mdogo wake, maji yakimtiririka kwenye suruali, mpwa mkubwa amemlalia bega. Kila radi ilipopiga alitega sikio upande wa kilima, na kila mara hakusikia kitu ila mvua.

"Unajua," mdogo wake alimnong'oneza, "kikisimama msimu mzima, hawa watakuita muongo mpaka siku unazikwa."

"Amina," Kobe alisema, na alilisema kwa moyo wake wote.